Saa tatu na nusu ya New York si ya Moshi

Shikamoo Mama,

Mimi ni kijana wa miaka 36, nina duka la mabati na vifaa vya ujenzi hapa Moshi, si mbali na soko la Mbuyuni. Mwaka jana, 2024, mwezi wa saba nilifungua akaunti kwa dalali mmoja wa nje kupitia simu, nikaanza kununua hisa za Marekani kidogo kidogo. Sikopi wala sichezi kamari, nanunua naweka. Ila sasa nina wasiwasi kwamba naibiwa, na mke wangu ameshachoka na mimi.

La kwanza. Programu ya dalali imeandika kuwa soko linafunguliwa 9:30. Basi kila siku saa tatu na nusu asubuhi, nikishafungua duka, natoa simu naangalia. Bei zimeganda. Usiku mmoja wa mwezi wa kumi nikaona hisa niliyokuwa naitamani imefunga kwa dola 41. Asubuhi yake nikaweka oda ya hisa 20, hesabu yangu ni dola 820. Jioni naletewa ujumbe kuwa zimenunuliwa kwa 44.60, jumla 892. Hizo dola 72 zimekwenda wapi? Niliwaandikia, wakanijibu Kiingereza kirefu ambacho hakikunisaidia.

La pili. Rafiki yangu akaniambia niwe naongeza saa saba, kwa hiyo soko linafunguka saa kumi na nusu jioni. Kweli ikawa hivyo, nikazoea. Mwanzoni mwa Novemba, siku ya Jumatatu, saa kumi na nusu ikafika, kimya. Saa kumi na moja, kimya. Nikadhani nimedukuliwa, nikafuta programu, nikaipakua upya, nikabadilisha na nywila. Saa kumi na moja na nusu bei zikaanza kucheza kama vile hakuna kilichotokea.

La tatu ndilo lililoniuma. Mwishoni mwa Novemba nilitaka hela ya kulipia mzigo wa mabati kutoka Dar. Alhamisi tarehe 28 jioni nikaweka oda ya kuuza. Nikasubiri mpaka saa nne usiku, haijauzwa, nikaifuta nikisema kesho nitaweka nyingine. Ijumaa kulikuwa na wateja, nimefika nyumbani saa tatu na robo usiku, nafungua simu, soko limefungwa! Nikaja kuuza Jumatatu, na pesa zikaingia benki Jumanne ya tarehe 10 Desemba. Mzigo alishapewa mtu mwingine.

Halafu wiki iliyopita, Alhamisi tarehe 9 Januari, limefungwa tena. Nauliza, naambiwa kuna msiba. Soko la dunia nalo linafungwa kwa msiba?

Mke wangu anasema mwanaume anayekesha na simu mpaka saa sita usiku ana mtu wake. Mama, naibiwa? Na London inaweza kuwa afadhali?

Mwenye duka, Moshi

*

Marahaba, mwanangu.

Hujaibiwa. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mwizi na sikumwona. Nilichokiona ni mtu anayefanya biashara kwa saa ya watu wengine, na saa yenyewe hakuna aliyemfundisha kuisoma. Hilo halikuanza na wewe. Miaka ya 1980 nilikuwa karani katika ofisi moja ya kahawa hapa hapa Moshi. Kahawa yetu ya mlimani ni arabika, na bei ya arabika husomwa New York; robusta ya ndugu zetu wa Kagera husomwa London. Ukutani tulikuwa na saa tatu, chini ya kila moja kibandiko cha karatasi kilichoandikwa kwa mkono: Moshi, London, New York. Msimu wa wenzetu ukibadilika mhudumu wetu alipanda juu ya stuli akasogeza mishale ya zile saa mbili. Ya Moshi hakuigusa hata siku moja.

Mwaka wangu wa kwanza sikujua anachofanya. Teleksi ya jioni, ile mashine iliyotuletea bei kwa maandishi, ikachelewa saa nzima, siku ya pili hivyo hivyo, bosi akawatukana watu wa simu mpaka akakauka koo. Kumbe simu haina kosa, na New York nao hawakuchelewa kwa saa yao. Wewe umefuta programu, sisi tulitukana.

Mambo yako hivi. Sisi tuko digrii tatu na ushee tu kusini mwa ikweta. Mchana wetu wa Juni na wa Desemba haupishani sana, ndiyo maana hatuna sababu ya kuhamisha saa. Wenzetu wa kaskazini, kiangazi jua linawaamsha mapema, basi wanasogeza saa mbele ili jioni iwe ndefu, na baridi ikija wanairudisha. Marekani hufanya hivyo Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba, na ratiba hiyo wanaifuata tangu 2007. Enzi za teleksi walikuwa wakirudisha saa mwishoni mwa Oktoba. Mwaka jana ilirudishwa Jumapili ya tarehe 3 Novemba. Wewe ukangoja Jumatatu ya tarehe 4 kwa hesabu ya kiangazi.

Soko lenyewe halikubadilisha kitu. New York hufungua saa tatu na nusu asubuhi na kufunga saa kumi jioni, kwa saa ya pale, kiangazi chao na kipupwe chao, ile baridi yao ya Novemba hadi Machi. Na hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko hata hizo tarakimu za kwenye simu. Tatu na nusu, ongeza saba, unapata kumi na nusu: ndiyo saa ya kufungua kwa Moshi kuanzia Machi hadi Novemba. Kipupwe ongeza nane, unapata kumi na moja na nusu. Kufunga ni kumi ongeza saba, kumi na saba, toa kumi na mbili inabaki saa tano usiku. Kipupwe inakuwa saa sita usiku kamili. Rafiki yako hakukudanganya, alikupa nusu ya hesabu. Mwaka huu wa 2025 utarudi kwenye saba tarehe 9 Machi, na kwenye nane tarehe 2 Novemba.

Lakini usiziweke kichwani. Fungua saa ya simu yako, sehemu ya kuongeza miji, weka New York. Itajihamisha yenyewe bila stuli. Kuanzia leo usijiulize tena «Moshi saa ngapi?», tazama kama pale imefika tatu na nusu.

Sasa zile dola 72, maana naona ndizo zilizokufanya ushike kalamu.

Ile 41 uliyoiona usiku haikuwa bei ya kununulia. Ni bei ambayo mtu wa mwisho aliuziana na mwenzake kabla ya kengele ya kufunga. Kengele ikishalia habari hazilali. Makampuni mengi ya Marekani hutoa matokeo yake ya robo mwaka, yaani hesabu ya faida na hasara, makusudi soko likiwa limefungwa, ama jioni yao baada ya kengele ama asubuhi kabla ya kufungua, na Oktoba ni mwezi wa matokeo. Tazama tarehe uliyonunua. Ukikuta kampuni ilitoa matokeo usiku ule au mchana uliofuata, jibu lako ni hilo. Wewe uliweka oda asubuhi ya Moshi wakati New York bado ni usiku. Oda ikakaa foleni. Kengele ilipolia, watu walikuwa wameshasoma habari, bei ikaanzia juu, nawe ukanunua na wenzako.

Kosa lako hasa lilikuwa aina ya oda. Uliweka oda ya bei ya soko. Ni sawa na kumtuma kijana wa bodaboda Mbuyuni ukamwambia, «Niletee mkungu wa ndizi, bei yoyote utakayoikuta.» Jana uliuona kwa elfu kumi na tano, leo ameukuta elfu ishirini, ameleta, na huwezi kumgombeza. Mwingine humwambia, «Usizidishe elfu kumi na sita, ukikosa, rudi na hela yangu.» Hiyo ya pili ndiyo oda ya kikomo, na kila dalali wa maana anayo, iko palepale pembeni ya ile uliyobonyeza. Mtu anayeishi mbali na soko kwa saa saba au nane, na kutwa ana wateja wa misumari, hana biashara na oda ya bei ya soko. Ningekuwa na uwezo ningeifuta kwenye simu yako.

Angalia pia oda yako inaishi mpaka lini. Nyingi hufa kengele ya kufunga ikilia siku hiyo hiyo, usipochagua vinginevyo. Ipo inayodumu mpaka uifute, kwa kawaida dalali akiwa ameiwekea ukomo wake wa siku. Ukitumia hiyo, iandike kwenye daftari la duka, maana oda uliyoisahau hununua siku ambayo hukutaka.

Halafu kuna jambo hukuuliza lakini najua litakukuta. Siku moja mchana utaona bei zinacheza kabla ya muda, udhani saa zimehama tena. Hapana. Wana biashara ya pembeni, kabla ya kufungua na baada ya kufunga, kuanzia saa kumi alfajiri yao, ambayo kwetu msimu huu ni saa sita mchana, na ile ya jioni inakwenda mpaka saa mbili usiku yao. Wanunuzi ni wachache, pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ni pana. Tazama ukipenda, usinunue. Hata kengele yenyewe ikilia, nusu saa ya mwanzo bei huruka huku na huku. Waachie wenye haraka.

Turudi kwenye mabati. Nisamehe, mangi wangu, hapa nitakuwa mkali kidogo.

Alhamisi ya tarehe 28 Novemba ilikuwa Siku ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, sikukuu kubwa ya kifamilia kwao, kama Krismasi ilivyo kwa Mchaga. Soko linafungwa kutwa. Kesho yake Ijumaa hufunguliwa nusu siku tu, wanafunga saa saba mchana yao, yaani saa tatu usiku kwetu. Uliingia nyumbani saa tatu na robo. Ungeiacha ile oda ya Alhamisi badala ya kuifuta, huenda Ijumaa jioni ingejiuza yenyewe wakati unapimia mtu nondo. Inauma, najua.

Umeuza Jumatatu tarehe 2 Desemba. Tangu 28 Mei 2024 mauzo ya hisa kule hukamilika siku moja ya kazi baada ya kuuza. Zamani zilikuwa mbili. Kwa hiyo Jumanne fedha zilikuwa zako, lakini zako kwa dalali. Ukaomba zitumwe, zikapita benki moja hadi nyingine, zikakutana na Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu tarehe 9 Desemba benki zetu zilikuwa zimefungwa kwa Uhuru. Tarehe kumi umepata. Hesabu imekaa sawasawa, hakuna aliyeikalia hela yako. Hapo umepigwa na kalenda mbili, ya kwao na ya kwetu, na hii ya pili ndiyo watu husahau kuipiga hesabu. Wana hata siku ambazo soko la hisa liko wazi huku benki zao zimefunga: Jumatatu ya pili ya Oktoba, na tarehe 11 Novemba. Utauza, lakini mwendo wa hela unasogea siku.

Fedha ya mzigo wa mwezi ujao ilikuwa inafanya nini New York? Mtaji wa duka unakaa mahali unapoweza kuuchukua kwa saa moja. Hisa nunua kwa hela ambayo hata soko likifungwa wiki nzima hutatokwa jasho. Na limewahi kufungwa hivyo: baada ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001 halikufunguliwa mpaka tarehe 17. Oktoba 2012 kimbunga Sandy kililifunga siku mbili.

Msiba nao ni kweli. Jimmy Carter, aliyekuwa rais wao, alifariki tarehe 29 Desemba akiwa na miaka 100, na tarehe 9 Januari ikatangazwa kuwa siku ya maombolezo ya taifa. Masoko ya hisa yakafunga. Walifanya hivyo pia tarehe 5 Desemba 2018 kwa Bush mkubwa, rais wao mwingine wa zamani. Siku za namna hiyo hazimo kwenye kalenda ya mwaka, lakini hutangazwa siku kadhaa kabla. Sisi tukifiwa tunafunga duka, kwa nini wao wasifunge?

Zilizobaki zina utaratibu, na tovuti ya soko lenyewe huzitoa miaka kabla. Zichukue, uzibandike pembeni ya kalenda yako. Jumatatu ya tatu ya Februari, tarehe 17 mwaka huu. Ijumaa Kuu, tarehe 18 Aprili, wanafunga kama sisi; ila Jumatatu ya Pasaka sisi tumepumzika na wao wako kazini. Jumatatu ya mwisho ya Mei ni ya askari wao waliokufa vitani. Tarehe 19 Juni wanakumbuka mwisho wa utumwa, na soko limeanza kuiheshimu siku hiyo 2022. Tarehe 4 Julai ni uhuru wao. Mwaka huu ni Ijumaa, na Alhamisi ya kabla yake wanafunga nusu siku, kwetu saa mbili usiku, taarifa ya habari ikianza. Jumatatu ya kwanza ya Septemba ndiyo Mei Mosi yao, kwa hiyo Mei Mosi ya kweli, sisi tukiwa kwenye maandamano ya wafanyakazi, New York wanauza kama kawaida. Idi, Saba Saba, Nane Nane, hawazijui. Desemba tarehe 24 ni nusu siku, 25 wamefunga, na 26 wamefungua, ninyi bado mnamalizia supu ya kisusio.

London je? Kwa mwenye duka ina faida moja ambayo siidharau: inafanya kazi mchana wako. Hufungua saa mbili asubuhi yao na kufunga saa kumi na nusu jioni. Kipupwe chao, kwetu ni saa tano asubuhi mpaka saa moja na nusu usiku. Kiangazi chao rudisha saa moja nyuma. Lakini nao wanahamisha saa, na kwa tarehe zao: Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Mwaka huu Marekani wanahama tarehe 9 Machi na Waingereza tarehe 30. Wiki tatu hizo New York imeshasogea na London bado. Sikukuu zao pia ni nyingine. Wanafunga Jumatatu ya Pasaka na tarehe 26 Desemba. Ukishindwa kalenda moja usijiongezee ya pili. Johannesburg hawahamishi saa, wako nyuma yetu saa moja mwaka mzima, wanafungua saa nne asubuhi kwetu na kufunga saa kumi na mbili jioni. Nairobi saa yao ni yetu. Tokyo usiniulize, wanafungua saa tisa usiku wetu na wana mapumziko ya chakula katikati.

Jambo moja la pembeni, lakini lifanye kabla ya kutuma dola nyingine. Benki Kuu ina kanuni za fedha za kigeni, na uwekezaji wa mkazi wa Tanzania nje ya nchi umo humo. Nenda benki yako, uliza kwa maandishi, tunza jibu. Pale CMSA, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, uliza pia kuhusu huyo dalali wako: nani anamsimamia, katika nchi gani?

Nimemweka mkeo mwisho kwa sababu yeye ndiye mwenye haki zaidi katika barua hii. Mnunua-uweke hakeshi. Anayehitaji kuona bei ya saa sita usiku ni yule anayeuza na kununua siku hiyo hiyo, na umesema si wewe. Msimu huu, saa kumi na mbili jioni ukiwa unafunga duka, nusu saa ya mwanzo imeshapita. Weka oda yako ya kikomo, andika kwenye daftari, simu mfukoni. Asubuhi utakuta imenunua au haijanunua. Na umwonyeshe mkeo hiyo simu, akaunti yote, senti zote. Nina hakika hajui kuna kiasi gani humo, na ukificha hilo usishangae akidhani unaficha na mengine.

Jumatatu hii ya tarehe 20 New York wamefunga, ni kumbukumbu ya Martin Luther King. Hakuna bei ya kutazama usiku huo, basi rudi nyumbani mapema.